Zumari ya Marehemu Murt

Kilfarran, Clare
18 Aprili 1955

Kaka Murt,

Kama umekufa kweli, usiifungue barua hii, irudishe ilikotoka. Kama hujafa, kaa chini kwanza, maana nina jambo, na nisipolisema leo nitapasuka kama kiazi kwenye jivu.

Mwenzangu, huku wewe ni marehemu. Tena si marehemu wa juzi. Ni marehemu tangu Wajerumani walipoipiga Coventry, huko Uingereza, mabomu, tukaambiwa nyumba uliyopanga imebaki kifusi. Tukakusomea misa. Nililia mpaka Senan akaniuliza mimi ni mke wake au mjane wako, na unajua Senan akisema neno moja kwa mwaka basi limemuuma.

Sasa Pasaka hii Pakie Mescall karudi kutoka huko. Kaja kununua mayai, kageuka nyuma, kageuka tena, ananinong'oneza: "Mama Nonie, nimemwona Murt Haverty kwenye kantini ya wajenzi. Anatia sukari kwenye chai kama anachanganya saruji." Nikamwambia, huyo ni yeye! Mzimu hautii sukari. Nikakaa juu ya kapu la mayai bila kujua. Usiulize.

Ningeshangaa nikanyamaza (haya, nisingenyamaza), lakini kuna mambo. Amekuja bwana kutoka Dublin, anaitwa Fintan Delahunt, kofia pana, baiskeli, miguu mirefu kama korongo. Anaandika kitabu cha historia ya zumari ya kiwiko na wote waliowahi kuipiga Ireland nzima. Basi si akaja jikoni kwangu kutufundisha! Eti zumari yetu haipulizwi kwa mdomo kama ile ya Waskoti, eti mvukuto unabanwa kwa kiwiko cha kulia na mfuko kwa cha kushoto, eti ndiyo maana mpigaji anaweza kuongea huku anapiga. Anatuambia sisi! Wewe uliyekuwa unapiga huku unamtukana mbwa wetu bila kukosa hata mdundo!

Umo kitabuni, Murt. Kakuweka kwa wafu. Kakusifu mpaka nikaona haya. Ulipokuwa hai, ukilala kwetu hapa kila majira ya baridi, hakuna aliyekusifu hivyo, tulikuwa tunakwambia vuta miguu tupite.

Niandikie. Pakie nimemwapisha kwa mifupa ya mama yake, na mimi nimejiapisha mwenyewe, ingawa mdomo unaniwasha kama nimelamba upupu.

Dada yako kwa chai na viazi,
Delia Talty


Coventry
2 Mei 1955

Delia,

Barua imefika. Nimeifungua, kwa hiyo jibu unalo.

Sasa niache nilivyo. Huku naitwa Paddy kama kila mtu, mchana namwaga zege, jioni natembea. Nikikaa nawashwa. Nyumba zote nilizopanga nimehama kabla sijajua jina la paka. Si maisha mabaya kwa mtu aliyekufa.

Usimwambie mtu. Najua ni kama kuliambia paa bovu lisivuje, lakini jaribu.

Zumari yangu iko wapi? Usiiweke karibu na moto. Ulimi wake wa tete ukikauka ndio basi, haurudi. Wala usiiache kwenye ukuta wenye unyevu. Na usimruhusu mtu aiguse.

M. Haverty
(hayati)


Kilfarran
16 Mei 1955

Hayati mpendwa,

Nimeisoma barua yako nyuma ya banda la kuku. Nimecheka, nimelia, jogoo kanikimbia.

Zumari iko palepale ulipoiacha siku uliyosema unakwenda Uingereza msimu mmoja tu. Msimu mmoja! Nonie alikuwa anatambaa. Sasa ana miaka ishirini na ushee, mkimya kama baba yake, ila vidole vyake havitulii, kutwa vinagonga meza mpaka vikombe vinatembea. Zumari iko chumbani kwake, chini ya kitanda, mbali na moto, mbali na ukuta. Haina kasoro. Mfuko wake ni laini kama tumbo la paka, na usiniulize kwa nini.

Sasa shika kiti. Bwana Delahunt katusomea jikoni ukurasa wako. Nilijaribu kukariri: "Haverty alikuwa mwanafunzi wa Tady Curtin, na kama mwalimu wake alipiga kwa kuachia, sauti zikitiririka bila kukatika." Nilikuwa nameza mkate, ukapita njia ya pembeni. Senan kanipiga mgongo. Gussie Curtin, mpwa wa marehemu Tady, alikuwa kakaa pale kwenye kona, anatikisa kichwa kama mbuzi aliyeshiba. Yeye ndiye aliyempa hiyo habari!

Na si hilo tu. Kanoni Hartigan, padri wetu wa sasa, kapata wazo. Wanakuwekea jiwe la kumbukumbu pale njia panda. Ndiyo, njia panda ileile, padri wa zamani alipowatawanya wacheza ngoma kwa fimbo na wewe ukafungasha ukasema nchi isiyochezwa ngoma haina haja ya mpigaji. Sasa padri mpya anapajengea. Siku yenyewe ni Jumapili ya mwisho ya Julai, ya hija ya kisima kitakatifu, watu watakuwa wengi. Jiwe likishafunuliwa, Kanoni atamkabidhi Bwana Delahunt zumari yako akaiweke Dublin ndani ya kabati la kioo. Kwa sababu marehemu hana ndugu wa damu.

Nikasema, "Kanoni, je, kama angekuwa hai?"

Akasema, "Delia, angekuwa hai ingekuwa yake. Niongezee siagi."

Unaona palipo na shida? Ukibaki maiti, zumari inakwenda. Mimi hapa sikai nikatulia, nafagia sakafu iliyofagiliwa.

Delia


Coventry
25 Mei 1955

Delia,

Kwanza. Mimi sijawahi kuachia sauti hata moja tangu nizaliwe. Mimi nakaza. Mdomo wa bomba lenye matundu ya vidole naubana pajani, kila sauti naifunga kabla sijaifungulia inayofuata, zinatoka moja moja kama viazi vinavyodondoka ndooni. Tady Curtin alikuwa anamimina uji. Uji mzuri, Mungu amrehemu, lakini uji. Na hakunifundisha lolote isipokuwa kutomkopesha viatu.

Nimekubali kufa. Sikukubali kufa nikiwa mwanafunzi wa Tady Curtin.

Pili. Umesema nisiulize kwa nini mfuko ni laini. Nauliza. Ngozi hailainiki yenyewe. Miaka yote hii bila kuvukutwa ingekuwa ngumu kama kiatu cha askari. Kuna mtu anaipiga zumari yangu. Ni Gussie, siyo? Anakuja hapo jioni, anakaa kwenye kiti changu, anamwaga uji wa mjomba wake kupitia zumari yangu.

Jibu moja kwa moja, mama Nonie, usinizungushe.

Murt


Kilfarran
9 Juni 1955

Kaka Murt,

Umeandika kwa hasira mpaka karatasi imetoboka. Ina maana damu bado unayo.

Siwezi kukwambia nani anaipiga. Nimeapishwa na mtu mwingine pia, ambaye anaona watu watamcheka na Kanoni atamwita pembeni. Fikiria mimi Delia nimebeba siri mbili kwa mpigo, kama punda wa sokoni! Jumanne nilishindwa kabisa, nikaenda kumwambia ng'ombe. Nikamwambia yote, wewe na zege lako. Kaacha kutafuna, kanitazama. Nadhani naye alihudhuria ile misa.

Nakuambia hili tu: zumari haijaumizwa. Anayeipiga anaipiga bandani, kwa ng'ombe huyohuyo. Nyimbo zako alizipata kwangu, maana mimi nikikamua naziimba zote kwa mdomo, didli-dai-dai, unajua nilivyo. Vidole kaonyeshwa kidogo na Gussie, hapo sikufichi, hakukuwa na mwingine wa kumwonyesha.

Jiwe limefika. Limeegeshwa nyumbani kwa Kanoni, mtumishi wake Hannah analianikia taulo. Limeandikwa: Murt Haverty, mpiga zumari, aliyefia ugenini, apumzike. Nikasoma hapo kwenye kupumzika nikatoka nje kucheka. Huyu apumzike? Huyu aliyekuwa anahama nyumba hata supu haijapoa?

Nakuomba, kaka. Mwandikie Kanoni mstari mmoja. "Mimi niko hai, zumari ni yangu, naomba ibaki kwa Talty." Basi. Huna haja ya kuja, huna haja ya kuonekana. Mstari mmoja unakushinda nini, wakati mimi mwenye madarasa mawili naandika hivi mpaka wino unaisha?

Delia


Coventry
10 Julai 1955

Delia,

Nimeichelewesha barua hii kwa sababu nimeianza mara nyingi nikaichana.

Ile siku ya mabomu, boriti ililala juu ya mkono wangu wa kushoto. Mimi walinitoa. Vidole viwili vilibaki chini yake, cha kati na cha pete. Nilikuwa bado hospitali niliposikia nyumbani mmenisomea misa. Nikasema haya, hawakukosea sana. Yule mpigaji kafa kweli. Aliyebaki ni mtu wa zege, na kwa zege vidole vitatu vinatosha.

Sasa unajua kwa nini sikuandika. Ningerudi ningewaambia nini? Mngenipa kiti changu karibu na moto, mngenyamaza, mngesubiri. Nyumba nzima ingekaa inanitazama mkono. Afadhali niwe marehemu mzuri kuliko mzima wa kuhurumiwa.

Na kituko ni hiki: viwili vile havijaacha kupiga. Nikikaa tu vinaanza, pale visipokuwepo, wimbo baada ya wimbo. Ndiyo maana sikai.

Sitaandika kwa Kanoni. Iacheni iende Dublin. Afadhali kioo kuliko Gussie Curtin.

Ninyi mmenitendea wema. Msalimie Senan. Ng'ombe pia, kwa kuwa ameshajua.

Murt


Kilfarran
22 Julai 1955

Kaka Murt,

Leo sina maneno mengi, Senan kaniuliza kama naumwa.

Ungeniambia. Ningekukaripia, halafu ningekukatia mkate. Hakuna ambaye angekutazama mkono, watu wote wangekuwa wananisikiliza mimi.

Sikiliza. Siyo Gussie. Ni Nonie.

Alianza akiwa mdogo, alikuwa anaivuta chini ya kitanda na kuilaza mapajani kama mtoto wa paka. Sikumkataza. Hakuna msichana huku anayekaa na mfuko kwapani mbele za watu, wangemsema mpaka kisimani, na wa kwanza kusema ningekuwa mimi, kama angekuwa wa mwenzangu. Kwa hiyo bandani. Nimeambiwa ninyamaze nimenyamaza, na sasa nimesema, Mungu anisamehe, na Nonie asijue.

Jumapili ijayo wanaichukua. Tangu jana hali, hanywi, vidole vinagonga hata ukutani.

Andika ule mstari. Si kwa ajili yangu.

Delia


Kilfarran
3 Agosti 1955

Kaka Murt, marehemu uliyeshindikana,

Najua ulikuwepo. Huna haja ya kuhadithiwa. Lakini wewe ulikuwa na mambo yako, na mimi nilikuwa pembeni juu ya kijukwaa cha kuwekea madebe ya maziwa, niliona nyuso zote. Kwa hiyo nakuhadithia, na utasoma.

Barua yangu ya mwisho lazima iko mlangoni kwako huko, kwa sababu Pakie anasema ulimwambia siku uliyopanda meli, kabla haijafika. Yaani ulikuja na hasira zako zote za Gussie! Uliwaza uje ufanye nini, umpige ngumi mbele ya Kanoni? Usijibu. Ningelipia kuona.

Mimi nilikuona mapema. Niliona kofia imeshushwa mpaka puani, na miguu inahamahama kama ya farasi aliyefungwa. Moyo ukanipasuka paa! Nikasema Delia, fumba mdomo. Nikaufumba kwa mkono. Hannah akadhani nataka kutapika, akanisogezea kapu.

Kanoni kahubiri juu yako, uliyasikia. Mtu mpole, mcha Mungu. Watu wakatazamana. Kitambaa kikavutwa, jiwe likaonekana, wakapiga makofi. Bwana Delahunt akanyoosha mikono kupokea sanduku la zumari, na hapo ndipo nilipopaza sauti. Nikasema, "Kanoni, kwa heshima, kitu kinachofungiwa maisha si kiachwe kiseme neno la mwisho?"

Kanoni akasema, "Na nani atakisemesha, Delia? Wewe?"

Watu kicheko. Gussie tayari alikuwa ananyanyuka, anajipangusa suruali. Lakini Nonie wangu alikuwa karibu zaidi na sanduku. Sikumtuma, naapa. Alikaa kwenye ukingo wa jiwe lako lenyewe, akajifunga mkanda wa mvukuto, akaweka mfuko kwapani, na mimi mama yake nikasikia kwa masikio haya: "Haa, binti wa Talty! Anavaa nini hicho?" Na mwingine: "Mwache, atachoka."

Akaanza ule wimbo wako wa "Mbuzi Kwenye Kabichi." Murt, wale waliokuwa wanacheka vinywa vilibaki wazi vilevile, ila kicheko hakimo. Senan akavua kofia. Hata kanisani huwa lazima nimkumbushe.

Halafu sehemu ya pili, ile kona mbuzi anapoingia shambani. Pale alipoonyeshwa na Gussie. Sauti zikachuruzika kidogo, kidogo tu, mimi nisingejua. Na huko nyuma sauti ikalipuka kama kengele ya moto:

"Kaza! Kaza hapo, we binti! Usimwage!"

Kila mtu aligeuka. Na Nonie, mwanangu ambaye hasemi na wageni, hakusimamisha hata kidole. Kiwiko kinakwenda, macho kafumba, akajibu palepale juu ya muziki: "Nakaza vipi?"

"Bana pajani kwanza! Pajani! Ndiyo ufungue!"

"Hivi?"

"Si hivyo! Unabembeleza! Bana kama unamzuia nguruwe mlangoni!"

Akairudia kona, na mbuzi akaingia shambani hatua moja moja, tak tak tak, viazi ndooni. Mzee mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Yesu na Maria, ni yeye."

Kanoni bado haelewi. Kawa mwekundu: "Wewe ni nani unayepiga kelele kwenye kumbukumbu ya marehemu?"

Na wewe, bila hata kumtazama, ukiwa umepiga goti mbele ya mwanangu: "Mimi ndiye huyo wa kwenye jiwe. Nyamaza kidogo, Kanoni, anakuja sehemu ngumu."

Sasa nyuso. Hannah kafanya ishara ya msalaba, halafu kauliza kama ile misa yako inaweza kupewa mtu mwingine, kwa kuwa haikutumika. Gussie kawa mweupe kama jibini, kaanza kurudi nyuma, kaingia kwenye mtaro. Bwana Delahunt makaratasi yote yamemponyoka, na unajua swali lake la kwanza kwa mtu aliyefufuka? "Samahani, ulizaliwa mwaka gani?"

Lakini uso mmoja nautunza. Ulipovua kofia na kumwekea Nonie mkono juu ya vidole vyake, ukimbana kwenye bomba, watu wote waliuona mkono. Vitatu juu ya vitano. Ulisimama ukasubiri tukutazame kwa huruma, nilikuona, mabega juu kama mtu anayengoja kupigwa. Hakuna aliyetazama, Murt. Walikuwa wanasikiliza. Uso wako ulipogundua hilo, huo ndio uso ninaoutunza.

Halafu ulivyosema mbele ya wote: "Zumari ni yangu, na nimempa huyu. Mwenye neno aje." Hakuna aliyekwenda. Kanoni alisema lakini jiwe limeshachongwa. Ukasema liacheni, litapata kazi yake.

Na chai yangu uliinywa umesimama, ukaizunguka meza kama ng'ombe wa kinu, ukamfundisha Nonie mpaka jogoo akatukana, na asubuhi nikaamka nikakuta umeondoka na lori la maziwa. Hata yai hukula. Hivi huko Coventry kuna nini, kaka? Nonie anauliza kama kakukosea.

Delia


Coventry
14 Agosti 1955

Delia,

Barua yako ya Julai nimeikuta chini ya mlango. Ingefika mapema ningejua si Gussie, hasira zingeisha, nisingekuja. Nashukuru posta.

Mwambie Nonie hajakosa. Mimi ndiye nisiyejua kukaa. Nilimsikia, nikaogopa nikibaki nitamfundisha mpaka awe mimi, na huku duniani mimi mmoja anatosha.

Ila mwambie: kiwiko cha kulia kisihangaike, mvukuto ni kama ng'ombe, ukiharakisha anazuia maziwa. Na ulimi wa tete asiukwangue. Hata kidogo. Akiwa na wasiwasi nao aniandikie kwanza.

Kitu kimoja. Tangu nirudi, vile vidole viwili havipigi tena nikikaa. Kimya. Sijui vimekwenda wapi. Nina wazo lakini nitakuachia wewe uliseme, unapenda kusema.

Murt


Kilfarran
20 Novemba 1955

Kaka Murt,

Mimi nalisema: viko hapa, vinavunja vikombe vyangu.

Kitabu cha Bwana Delahunt kimetoka! Kina jalada la kijani na harufu ya gundi. Kanoni kanunua, daktari kanunua, mwalimu kanunua. Na wewe umo, mwenzangu, na bado umekufa. Maskini kalia kabisa, anasema kurasa zilikuwa zimeshapigwa chapa kabla ya ile Jumapili. Kwa hiyo kwa watu waliosoma wewe ni marehemu, ni sisi tusiosoma ndio tunajua uko hai. Tady Curtin bado ni mwalimu wako. Shusha pumzi.

Na mwezi huu wa wafu Kanoni anasoma majina ya marehemu wa parokia, karatasi ni ileile ya kila mwaka. Kafika "Murt Haverty," kasita. Akasema, "Huyu, aombewe tu, anahitaji." Watu waliangua kicheko mpaka mshumaa ukazimika.

Lakini hiki ndicho nilichotaka kukuandikia. Nonie anapiga sasa jikoni kwetu, mlango wazi, watu wanakuja, wanacheza, Kanoni anapita kwa baiskeli akitazama upande wa pili. Na kila akipiga "Mbuzi Kwenye Kabichi," akifika ile kona ya sehemu ya pili, nyumba nzima inapiga kelele: "Kaza!" Wazee, watoto, Senan. Senan, Murt! Wanapiga mguu chini, "Kaza!", na ngoma inaendelea. Hakuna aliyepanga. Ilianza tu. Na tayari kuna msichana wa upande wa mlimani, wala hakuwepo ile Jumapili, anawaambia wenzake kwamba wimbo huu bila kelele hiyo haujakamilika, bibi yake ndivyo alivyocheza.

Jumamosi Bwana Delahunt kaja tena, anaandaa kitabu cha pili. Kaisikia. Katoa kalamu mbio. Nilitaka kumwambia, naapa, mdomo ulishafunguka. Halafu nikauona uso wake ulivyong'aa, nikamwacha. Ameandika kwamba ni desturi ya kale sana ya huku, na asili yake haijulikani.

Delia wako, ambaye siku moja katika maisha yake alinyamaza


Coventry
1 Desemba 1955

Delia,

Nimecheka kazini mpaka msimamizi kaniuliza kama nimepata habari za msiba. Nikamwambia ndiyo, wangu, unaendelea vizuri.

Usimrekebishe yule bwana. Siku zote historia yetu imeandikwa hivyo.

Nakuja Krismasi. Mwambie Nonie sehemu ya tatu pia anamwaga, nilisikia, nilinyamaza kwa adabu. Na wewe niwekee kile kiti changu karibu na moto. Sikuahidi kukikalia. Lakini kiweke.

Murt